Tusingoje Msiba Ndipo Tuitafute Jumuiya

Mwezi uliopita tulimzika jirani yetu hapa Dar es Salaam. Watoto wake walipokwenda parokiani kuomba Misa ya mazishi, waliulizwa: baba yenu alikuwa anasali jumuiya gani? Wakatazamana. Marehemu alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani, na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ilining'inia sebuleni kwake mpaka siku anafariki. Lakini mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ule, anayekaa nyumba ya nne kutoka pale, hakumjua hata jina. Misa ilipatikana, ila baada ya wafiwa kuhangaika kutwa nzima huku mwili ukingoja mochwari.

Wakatoliki wenzangu, wangapi kati yetu tunaishi hivyo? Tukiulizwa dini tunajibu kama tunavyotaja kabila: jambo tulilozaliwa nalo, lisilotudai kitu hadi Krismasi, Pasaka na siku ya kufa.

Kanisa halikuanza hivyo kwetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walipokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Hao hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kukimbilia. Waliobatizwa pamoja ndio waliokuwa ndugu. Na mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi wakazitanguliza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo katika uchungaji wao, naona walitushika mkono kuturudisha kwenye undugu ule ule. Maana katika parokia ya maelfu, mtu aweza kusali miaka kumi asijuane na anayekaa naye benchi moja.

Najua jibu la wengi: "Jumuiya ni michango tu." Neno hilo si la uongo. Nimewahi kukaa katika sala ambayo Injili ilipita upesi, hesabu za bahasha zikala saa nzima, na mama mmoja mjane akasomewa deni lake mbele ya watu. Aliinamisha uso, akawa anavuta vuta pindo la khanga. Viongozi wetu, jambo hilo ni baya, liacheni. Mjane anakuja kusali, hakuja kudaiwa. Lakini na ninyi mnaoliona baya mkabaki vitandani, nani atasimama amtetee?

Maana jumuiya ile ile nimeiona ikifanya mengine. Jumamosi moja, alfajiri, tulikuwa uani kwa mama muuza maandazi, wengine kwenye mkeka, wengine kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mshumaa ulikuwa juu ya stuli. Msichana wa darasa la sita alisoma Injili, akajikwaa kwenye neno, wazee wakamsaidia. Baada ya sala tulikwenda kwa mgonjwa aliyepooza upande mmoja, tumebeba sukari, sabuni na mchele. Mzee yule hakuweza kusema. Aliushika mkono wa katekista, hakuuachia mpaka tunaaga.

Ndugu msomaji, kama hujui jumuiya yako hukutana wapi, muulize jirani leo. Jumamosi hii amka mapema, uende na wanao, wajue nyumba za wenzao na wenzao wawajue. Ukikuta bahasha zimetangulia Injili, sema kwa upole, na Jumamosi ifuatayo urudi tena.