Usiku ni nani anayemwangalia mzazi wako makaoni?

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini hulifanya kwa siri. Ni kumpeleka baba au mama katika makao ya wazee. Jirani akiuliza, tunamwambia mama amerudi mashambani. Kanisani tukiulizwa, tunasema yuko kwa dada yetu Nakuru. Eti Mwafrika hampeleki mzazi wake makaoni.

Mimi sina haja ya kukulaumu, msomaji. Ikiwa nyumba ina vyumba viwili, mke na mume wanaamkia kazini, na mama amepooza upande mmoja, huenda makao yanayofaa yakamtunza vyema kuliko msichana wa kazi ambaye hakufunzwa chochote kuhusu wagonjwa. Shida yangu ni hiyo aibu. Mtu anayeona haya haulizi maswali. Hulipa pesa za mwezi, huacha mfuko wa nguo langoni na kwenda zake upesi. Na mahali ambapo jamaa hawaulizi maswali ndipo wazee huumia.

Mwaka wa 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitoa filamu iliyopigwa kwa siri katika makao fulani ya wazee hapa nchini. Tuliona wazee wakipigwa, tukapiga kelele, kisha tukanyamaza. Waliofanya vile walistahili kulaaniwa. Hata hivyo, wazee wengi ninaoletewa kutoka makaoni hawakupigwa na mtu. Walianguka, au walipewa dawa isiyowafaa, au walisakamwa na chakula, au walilazwa upande mmoja hadi ngozi ikachanika. Mambo hayo hayaonekani katika filamu, na aghalabu hutokea usiku.

Tuanze na kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 100 waliotimiza umri wa miaka 65, kati ya 28 na 35 huanguka kila mwaka. Kijana akianguka hujipangusa vumbi akaendelea na safari. Mzee ambaye mifupa yake imepungua nguvu huvunjika nyonga, na nyonga iliyovunjika mara nyingi huhitaji upasuaji. Asipopasuliwa atalala chali wiki nyingi, na katika kulala huko ndiko hupata nimonia, au damu huganda miguuni na kupanda hadi mapafuni. Wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Na huanguka wakati gani? Saa nane usiku, mkojo umembana, taa imezimwa ili kupunguza bili ya stima, choo kiko mwisho wa ukumbi na slipasi zake zimelika chini. Akisimama ghafla, dawa ya presha aliyomeza humtia kizunguzungu. Kama jioni alipewa kidonge cha usingizi, basi hata miguu haimtii. Mambo haya yote yanaweza kurekebishwa kwa pesa kidogo sana: taa moja isiyozimwa, chuma cha kushikilia ukutani, kitanda kifupi, na kengele anayoifikia akiwa amelala.

Makao mengine yameona dawa ya kuanguka ni kumzuia mzee asitembee. "Kaa hapo, shosho, usije ukaanguka." Basi shosho anaketi kitini kuanzia staftahi hadi chakula cha jioni. Baada ya majuma machache misuli ya mapaja imeisha, na siku akijaribu kusimama huanguka kwa urahisi kuliko zamani. Wengine hufungwa kitini kwa leso. Hayo si matunzo. Ukimkuta mzazi wako amefungwa, mwite msimamizi hapo hapo akueleze ni daktari gani aliyeamuru.

Kuna kosa jingine la kudhani kwamba usalama ni lango, askari na vyuma madirishani. Ni kweli kwamba mzee mwenye maradhi ya kusahau anaweza kutoka akapotea barabarani, na ni lazima azuiwe. Lakini kumbuka yaliyotokea katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001. Wavulana 67 waliteketea katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana vyuma. Hao walikuwa vijana wenye nguvu za kukimbia. Sasa mfikirie mzee wa mkongojo. Uliza ni nani anayelala na funguo, na kama analala ndani ya jengo lile lile au ng'ambo ya ua. Tena, msimu wa baridi wa Julai, hakikisha hakuna jiko la makaa linaloingizwa chumbani. Moshi wake wenye sumu hauna harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Juu ya dawa ningeweza kuandika gazeti zima. Nililetewa mama wa miaka 79 kutoka makao fulani, hasemi, hamtambui mwanawe. Wahudumu walisema ni uzee tu, umemzidi tangu asubuhi. Tulipompima, sukari ilikuwa 1.8, ilhali haifai kushuka chini ya 4. Tulimtia maji ya glukosi mshipani, na kabla chupa haijaisha alikuwa anauliza leso yake iko wapi. Kumbe jioni alikataa chakula, lakini kidonge cha kisukari alipewa kama kawaida. Kilikuwa glibenklamidi, dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu na ambayo siku hizi hatupendi kuwapa wazee kwa sababu hiyo hiyo. Daftari la dawa lilikuwa limetiwa alama vizuri kabisa. Hapakuwa na daftari la chakula.

Kwa hivyo, mzee akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, usikubali kuambiwa ni uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Huenda ni sukari, ni maambukizi ya mkojo, ni nimonia, ni kukosa maji mwilini, maana wazee hawahisi kiu kama sisi. Huenda pia ni kidonge cha mafua, zile Piriton tunazonunua kama peremende, ambazo humchanganya mzee akili na kumlevya.

Wakati wa chakula pia kuna hatari. Mtu aliyepata kiharusi hasilishwi akiwa amelala. Huketishwa wima, hupewa kijiko kimoja kimoja, na huachwa ameketi kwa nusu saa baada ya kula. Uji mzito humezeka kwa urahisi kuliko chai au maji, ambayo huteleza hadi mapafuni. Mhudumu mwenye haraka hawezi kumlisha mtu kama huyo.

Sasa twende kwenye vidonda vya kulalia, maana hivi ndivyo vitakavyokuonyesha hali halisi ya makao. Mzee asiyeweza kujigeuza anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Vitabu vingi tulivyosomea vilisema dalili ya kwanza ni ngozi kuwa nyekundu. Ngozi yetu haiwi nyekundu. Huwa nyeusi zaidi kuliko kando yake, au ya zambarau, na ukiigusa ni ya moto au ngumu. Mwinue mzazi wako shuka, utazame visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo. Usione haya, ni mzazi wako.

Hesabu mwenyewe. Makao yana wazee 15 wa kugeuzwa. Kumgeuza mmoja, kumfuta na kumbadilisha shuka ni dakika kumi. Hizo ni dakika 150, na zamu ya kugeuza ni dakika 120. Mhudumu akiwa peke yake usiku hawezi kuimaliza, hata awe mtakatifu. Ndiyo sababu swali langu la kwanza si la bei wala la bustani. Ni hili: usiku wazee ni wangapi, na wanaokesha ni wangapi? Msimamizi akisitasita kujibu, tafuta kwingine.

Bila shaka kuongeza watu wa usiku ni kuongeza gharama, na sisi jamaa hupenda kubishania shilingi. Serikali nayo haiwezi kukwepa. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinaitaka ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa na kwa serikali. Jamaa na serikali, wote wawili wametajwa.

Usiende kutembelea Jumapili saa tisa alasiri, wakati kila mzee amevalishwa sweta safi. Nenda siku ya kazi bila kutoa habari, saa kumi na mbili unusu jioni, wakati wa kulisha. Omba kuona daftari la dawa na la walioanguka. Makao yanayosema hakuna mzee aliyewahi kuanguka hayaandiki. Kisha nakili majina ya vidonge vyote anavyomeza, umpelekee daktari wake avipunguze.