Fomu ya Mpira Inapima Nini Hasa?



Mwaka jana nilijitolea kujaza fomu kwenye mradi mmoja wa mpira. Wachezaji wanaulizwa maswali ligi ikianza na ikiisha, halafu ripoti inasema kama mpira umewatuliza roho. Swali moja lilikuwa hivi: "Je, unafikiria sana juu ya kesho yako?" Ukijibu "sana" unapata alama ya juu, eti una matumaini. Jamani! Kwetu mtu anayefikiria sana ni nani? Si ndiye tunasema ana mawazo, usingizi hapati, chakula hakishuki?

Golikipa wetu alijibu "sana, kila siku", anaangalia chini. Nikamwandikia alama ya juu, juu fomu ndivyo ilitaka. Wiki mbili baadaye akaacha mazoezi, akawa anashinda ndani tu.

Tena muulizaji ni mimi, nimevaa jezi ya mradi. Nani ataniambia mpira haumsaidii, wakati anaogopa kunyang'anywa viatu?

Sisemi tusipimwe. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi walipokuwa bado kambini kwa sababu ya vita, watafiti walianza kwa kuuliza wenyeji: mtu aliyeumia moyoni mnasema ana nini? Yakatoka majina yao wenyewe: two tam, par, kumu, na ma lwor ambayo ni ya woga. Maswali yakatungwa kutoka humo. Baadaye kipimo hicho kikatumika Gulu kwa ligi ya vijana ya wiki 11. Matokeo yalichapishwa 2014: wavulana waliocheza walitoka na hali mbaya zaidi ya huzuni na woga kuliko wenzao waliobaki wakisubiri zamu.

Mimi napenda mpira, hiyo habari iliniuma. Lakini naiamini kuliko ripoti zetu zinazosema kila mwaka kwamba wote wamepona. Fomu yetu hata ingetaka kuleta habari mbaya, isingeweza.

Ligi mpya inakaribia. Naomba tukae kwanza na wachezaji pamoja na wamama wao, tusikie maneno wanayotumia wenyewe, na anayeuliza asiwe mtu wa jezi.

Kuhusu yule golikipa, nilienda ofisini kuomba alama yake irekebishwe. Nikaambiwa takwimu zimeshatumwa.