Kitunguu Kinapokuwa Chakula Chenyewe



Ukiingia asubuhi katika Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, utakuta mboga za Mgeta zimekwisha teremshwa kutoka Milima ya Uluguru: kabichi, karoti na njegere. Kando yake vimelundikwa vitunguu vyekundu, vikiwemo vile vinavyomwagiliwa maji katika bonde la Ruaha, huko Malolo na Ruaha Mbuyuni. Wakati wa mavuno bei hushuka, nawe hushawishika kununua sado nzima. Baada ya majuma machache vitunguu vinachipua chini ya meza, maana jikoni mwetu kitunguu ni kiungo tu: kimoja cha mchuzi, kimoja cha kachumbari, basi.

Juma hili tukipe kitunguu heshima yake. Tukifanye chakula chenyewe.

Wenyeji wa Nice, mji ulioko kusini mwa Ufaransa kando ya Bahari ya Mediterania, wana mkate wa vitunguu uitwao pissaladière. Jina hilo limetokana na pissala, rojo la samaki wadogo waliotiwa chumvi. Si chakula cha fahari. Huuzwa vipande vipande katika maduka ya mikate. Hauna nyama wala jibini. Juu yake hupangwa samaki wadogo na zaituni nyeusi. Zaituni ni adimu kwetu, hivyo tutaziacha. Samaki wadogo tunao: dagaa.

Mahitaji

Unga wa ngano robo kilo. Hamira kijiko kimoja cha chai. Chumvi nusu kijiko cha chai. Mafuta ya kupikia vijiko sita vya chakula. Vitunguu kilo moja. Punje tatu za kitunguu saumu. Dagaa wakavu konzi moja. Maji ya uvuguvugu.

Namna ya kupika

Changanya unga, hamira, chumvi na vijiko viwili vya mafuta. Tia maji kidogo kidogo, ukande mpaka donge liwe laini na lisigande mikononi. Lifunike kwa kitambaa, uliache liumuke kwa muda wa saa moja.

Wakati huo menya vitunguu na uvikate vyembamba. Bandika sufuria, tia mafuta yaliyobaki, kisha vitunguu, vitunguu saumu vilivyotwangwa na chumvi kidogo. Funika. Moto uwe mdogo sana. Koroga mara kwa mara kwa muda wa dakika arobaini na tano hadi saa nzima, mpaka vitunguu vilainike kabisa na kuwa na rangi ya asali. Ule ukali uliokutoa machozi utakuwa umetoweka, na utamu uliokuwa umejificha ndani yake utajitokeza bila kutia sukari.

Hapa ndipo wengi hushindwa, nami nikiwa mmoja wao. Mara ya kwanza nilikuwa na wageni sebuleni na saa imekwenda. Nikapepea mkaa ili vitunguu viharakishe. Vikaungua pembeni, katikati vikabaki vibichi, na uchungu ukaenea sufuria nzima. Unga niliokuwa nimeuweka kwa chapati za juma zima ukapotea bure. Tangu siku hiyo navipika kwa makaa yanayobaki baada ya chakula cha mchana. Moto huo mpole ndio unaotakiwa, na mkaa mpya hautumiki.

Dagaa watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto, kisha wakaange kidogo. Paka mafuta sufuria pana, tandaza donge humo kwa unene wa kidole, mwagia vitunguu juu, panga dagaa. Ukiwa na tanuri, oka kwa moto mkali kiasi kwa nusu saa. Usipokuwa nalo, fanya kama tuokavyo keki: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika ishirini. Ukiinua ukingo kwa kisu na kuona chini pamekuwa rangi ya kahawia, epua.

Kila nyumba ina siku ambazo fedha ya nyama haipo. Siku hizo mzazi hupakua akiinamisha macho, na watoto huyasoma macho hayo kabla hawajaonja chakula. Mkate huu hauhitaji kuombewa radhi. Ukate vipande vya mraba, uweke katikati ya meza ungali na moto, uwaite watoto kwa sauti ya mtu mwenye jambo jema la kuwaonyesha. Wakikuuliza nyama iko wapi, waambie leo ni zamu ya kitunguu.

Kitakachosalia, kama kitasalia, kitafaa kwa chai ya kesho asubuhi.