Mpimeni mwanafunzi akiwa bila mwalimu wake

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Baraza la Kitaifa la Mitihani ya Kenya (KNEC),
Nairobi

Mheshimiwa,

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na miongoni mwao wapo waliochagua Muziki na Densi. Watakapomaliza Gredi ya 12, ni baraza lako litakaloiambia nchi nani ameuweza muziki na kwa kiwango gani. Mimi nafundisha piano na fidla hapa Mombasa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kuwaandaa watoto kwa mitihani ya vitendo ya ngazi inayotoka Uingereza. Nakuandikia mapema kwa kuwa mitihani hiyo inajulikana, inaheshimika, na mtu anayetunga mtihani mpya wa muziki atashawishika kuichukua ilivyo. Naomba msiichukue ilivyo.

Sisemi hivyo kwa kuidharau. Bodi ya ABRSM ya London, inayoitoa mitihani hiyo, ilianzishwa mwaka 1889, na ngazi zake nane zimewapa walimu wa nchi nyingi lugha moja ya kuzungumzia maendeleo ya mwanafunzi. Mtahini hamjui mtoto wala wazazi wake. Husikiliza, huandika maoni kwa kila sehemu, hutoa alama. Mzazi asiyejua hata noti moja hupata karatasi anayoweza kuiamini, na mtoto mwenye tarehe mbele yake hufanya mazoezi jioni bila kusukumwa. Nimeyaona hayo kwa wanafunzi wangu na sitaki yapotee.

Tatizo liko kwenye hesabu ya alama. Mtihani wa kawaida una alama 150. Vipande vitatu alivyojifunza mwanafunzi kabla ya mtihani vina alama 30 kila kimoja, yaani 90. Skeli na arpejio zina 21, majaribio ya sikio 18, na kupiga muziki ambao hajawahi kuuona, baada ya kuutazama kwa nusu dakika, 21. Alama 100 ni kufaulu, 120 ni kufaulu vyema, 130 ni kufaulu kwa sifa. Sasa chukua mtoto aliyepata 27 kwa kila kipande, 18 kwenye skeli, 14 kwenye sikio, na 7 tu kwenye kusoma noti mpya. Jumla ni 120. Amefaulu vyema, na cheti chake kitasema hivyo, ilhali ukimwekea ukurasa mpya mbele yake hawezi kwenda popote.

Mtoto wa aina hiyo nimemfundisha. Alikuja kwangu na cheti cha ngazi ya tano, na vipande vyake vitatu alivipiga kwa ufundi ulionifurahisha kweli. Kanisani kwao walikuwa wamemwomba awapigie kwaya wimbo mmoja, wa sauti nne, mwepesi kuliko chochote alichokuwa ametahiniwa. Nilimwekea ukurasa. Alitafuta noti ya kwanza ya mkono wa kulia kwa kuhesabu mistari kutoka chini, akaiandika jina lake kwa penseli, akaendelea na ya pili. Mkono wa kushoto ulikaa mapajani. Baada ya mistari miwili aliniuliza kama ningeweza kumpigia kwanza ili ausikie. Wanakwaya wenzake, ambao hawajawahi kutahiniwa na mtu yeyote, walikuwa wameshausoma wimbo huo kwa solfa na kuushika Jumamosi moja.

Mtoto yule hakuwa mvivu wala hakukosa kipaji. Alikuwa amefundishwa vipande vitatu kwa mwaka, kimoja baada ya kingine, mstari kwa mstari, hadi vidole vikakariri. Ngazi tano, vipande kumi na vitano: huo ndio muziki wote aliokuwa amewahi kuupiga. Mwalimu anayepimwa kwa vyeti vya wanafunzi wake hufundisha kile kinachotoa alama, na wazazi humlipa kwa hicho hicho. Mtihani uliokusudiwa kuangalia njia aliyopita mtoto umekuwa njia yenyewe.

Na mkondo unaelekea huko zaidi. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa na korona, ABRSM ilianzisha mitihani ya maonyesho inayorekodiwa kwa video: vipande vinne vya alama 30 kila kimoja, na 30 nyingine kwa onyesho zima. Skeli, jaribio la sikio na usomaji wa papo hapo havimo. Kwa mtoto aliye mbali na kituo cha mtihani ilikuwa nafuu kubwa, nami nimewasajili wanafunzi humo. Lakini anachosikia mtahini wa mtihani huo ni matokeo ya kazi ya watu wawili, mwanafunzi na mwalimu, na hana namna ya kujua mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Hapo ndipo lilipo ombi langu. Alama nyingi za mtihani wenu ziende kwa yale ambayo mwanafunzi anayaweza mwalimu akiwa hayupo.

Fikiria mpiga nyatiti. Ana nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga ala kushika mapigo, na juu ya hayo yote anaimba. Ukimpa mtihani uliokatwa kwa kipimo cha piano utamwuliza skeli na noti, na utakosa karibu kila kitu alichojifunza. Ukitaka kujua amefika wapi, legeza uzi mmoja kabla hajaingia chumbani umwambie autengeneze. Mwimbie wimbo mfupi mara tatu, mwache nusu saa peke yake, kisha rudi usikie ameufanyia nini. Mwombe aubadilishe maneno ili umfae mtu aliyeketi mbele yake, kama ambavyo wapigaji wa nyatiti wamekuwa wakifanya arusini na matangani tangu zamani. Jaribio hilo hilo linamfaa mpiga fidla, mpiga orutu, mpiga chivoti wa Pwani, na mtoto wa shule ya umma ambaye ala yake pekee ni filimbi ya rekoda. Halihitaji piano, na shule nyingi za umma hazina piano.

Vipande vilivyoandaliwa vibaki, kwa sababu kumaliza kazi vizuri ni sehemu ya usanii. Ila visizidi theluthi moja ya alama. Orodha ya mwaka mzima ya nyimbo ambazo mwanafunzi amezipitia iletwe pia, hata alizozipiga vibaya, na mtahini achague moja humo bila kumwonya. Mtoto aliyepiga nyimbo arobaini hatakuwa na hofu.

Kupima kwa muda mrefu si jambo geni kwenu. Katika KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, mmeweka asilimia 20 kwa tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8, na nyingine 20 kwa KPSEA ya Gredi ya 6. Kwa muziki, tathmini ya shuleni inaweza kuwa rekodi ya sauti kwa simu: wimbo mgeni, muda ule ule wa kujiandaa, mara moja kila muhula. Rekodi tisa za mwanafunzi mmoja, kutoka Gredi ya 10 hadi ya 12, zitasema wazi amesogea au la, na hakuna mwalimu atakayeweza kuzipamba. Zisikilizwe na mtahini wa kaunti nyingine.

Naomba pia cheti kisibebe tarakimu peke yake. Sentensi tatu zilizoandikwa na mtu aliyesikiliza zitamfaa mwanafunzi, na mwalimu atakayempokea, kuliko alama.

Niko tayari, na najua walimu wenzangu wa Pwani walio tayari, kulifanyia majaribio pendekezo hili mwaka huu na wanafunzi wetu wenyewe, na kuwaletea rekodi na alama tulizotoa ili mzikague kabla hamjaamua.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa piano na fidla, Mombasa