WAYA KUPITA SI UMEME KUFIKA



Huenda mtu akauliza: sisi watu wa visiwani tuna nini na Mbulu na Hanang, wilaya za Manyara zilizo mbali na bahari? Jawabu ni kwamba giza twalijua. Tangu Disemba 2009 hata Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme, kwa kuharibika njia iuletayo kutoka Bara. Maduka yakafungwa mapema, cherahani za umeme zikanyamaza, maji yakawa ya kuchotwa kwa ndoo. Sisi tulionja miezi mitatu. Wako wenzetu ambao giza hilo ndilo maisha yao.

Serikali yatangaza kwamba umeme umefika karibu katika vijiji vyote 12,318 vya Bara. Hesabu hiyo hatuikatai, na kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini hatuidharau. Lakini kijiji kuhesabiwa ni jambo moja, na nyumba kuwaka taa ni jambo jingine. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, na nguzo aghlabu hukomea penye shule, zahanati na maduka. Ada ya kuunganishwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000, nayo si nyingi. Lakini nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba, na mkulima hashiki fedha ila baada ya mavuno.

Tena taa peke yake haishibishi. Hanang yalima ngano, Mbulu yalima vitunguu saumu. Mazao yakitoka ghafi, faida ya kusaga na kufungasha humwendea mwenye mashine mjini, na mkulima hurudi dukani kununua unga. Mashine kubwa hutaka umeme wa njia tatu, na mnunuzi wake hutaka mkopo. Pasipo viwili hivyo, umeme huwa wa kuchaji simu tu.

Wazee wa Hanang wamekwisha kuyaona haya. Tangu miaka ya 1970 serikali ililima huko mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada, na Wabarbaig wakapoteza malisho yao. Ngano ilionekana katika hesabu za taifa, mfugaji hakuonekana.

Basi shauri letu ni hili: Serikali isihesabu vijiji, ihesabu nyumba na mashine. Nanyi wanachama, akija mgombea, wa Bara au wa kwetu, akasema umeme umefika, muulizeni kwa adabu: umefika kwa nani?