Fonie na mawimbi ya chini: kusikiliza kwanza, kusema nyuma

Wakati wa mvua, barabara zinapokatika na mtandao wa simu unapopotea, vituo vya afya, parokia na miradi mingi ya majimbo yetu vinabaki na njia moja tu: fonie. Lakini fonie si waya wa mtu mmoja. Mwenye kushika frekwansi lisaa lizima kwa salamu na bei ya mahindi anaweza kumfungia njia muuguzi anayetafuta gari la mgonjwa.

Hapa Hewa Bora, kama Lubumbashi nzima, watu wanazoea kulalamika juu ya radio za FM zinazokanyagana. Kwenye mawimbi ya chini shida ni kubwa zaidi, juu yanafika mbali sana.

Usiku si kama mchana

FM haipiti mbali kuliko pale antena inapoweza kuona. Mawimbi ya chini ni mengine. Mchana, tabaka moja la anga linaloletwa na jua linayameza. Jua likizama, tabaka hilo linapungua, mawimbi yanarudishwa chini na anga la juu zaidi na yanavuka mipaka ya inchi. Kwa hiyo frekwansi iliyokuwa kimya saa sita ya mchana, usiku inaweza kujaa watu wa mbali. Ongeza kelele ya radi ya masika: sauti ndogo inazama kabisa.

Nafasi ni ndogo

Wenye radio ya amateri, wale ambao alama zao kwetu zinaanza na 9Q, wanajua shida hii. Mwaka 2012, mkutano wa dunia wa UIT kule Geneva uliwapa kilohezi 472 hadi 479. Ni kilohezi 7 tu. Sauti ya mtu mmoja inakula karibu 3, basi wawili wakiongea, nafasi imekwisha. Ndiyo maana pale wanatumia zaidi Morse, kwa nguvu ya kawaida ya wati 1. Tena wao ni wageni: huduma za meli na za ndege ndizo za kwanza, na wao hawana ruhusa ya kuzisumbua.

Kati ya kilohezi 3500 na 3800, katika Eneo la 1 la UIT ambamo Afrika yote iko, amateri na fonie za kazi wana haki sawa. Hapo hakuna mkubwa. Heshima ndiyo inabaki.

Ruhusa haitoshi

Kuna wanaosema: «Mimi nimelipa, frekwansi ni yangu.» Ni kweli, ruhusa ya ARPTC ni lazima, na asiye nayo anavunja sheria. Lakini pale wengi wanatumia frekwansi moja, karatasi haigawi dakika. Watu ndio wanazigawa.

Watu wa meli walielewa hilo zamani. Kwenye kilohezi 500, frekwansi ya meli zilizo hatarini, walikuwa wananyamaza dakika 3 mara mbili kila saa, kuanzia dakika ya 15 na ya 45, ili hata mwenye sauti ndogo asikike. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, mpaka mfumo mpya ulipochukua nafasi yake mwaka 1999.

Tufanye nini?

Sikiliza kwanza, hata dakika moja. Kisha uliza: «Kuna mtu hapa?» Unaweza kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kwa hiyo uliza mara mbili. Tumia nguvu inayotosha, si yote uliyo nayo. Sema kwa ufupi, uache nafasi kati ya maneno yako na ya mwenzako, ili mwenye haraka aingie. Akisema ni mgonjwa, wote mnyamaze.

Wenye fonie wa zone moja ya afya wanaweza pia kukaa pamoja na kupanga saa: asubuhi ya nani, jioni ya nani, na dakika gani kila mtu atanyamaza. Mpango huo hauombi pesa wala mashine mpya. Afazali uandikwe na kubandikwa karibu na kila mashine mbele ya mvua kuanza.