Dharura ya Nchi na Gunia la Mkulima wa Ufipa

Hakuna sheria isiyo na neno "isipokuwa". Funga ya Ramadhani ni faradhi juu ya kila Muislamu baleghe mwenye akili, isipokuwa mgonjwa na msafiri, ambao wameruhusiwa kula na kuzilipa siku zao baadaye. Tukiitazama vema ruhusa hiyo, tutaona kwamba ina sababu inayojulikana, ina mpaka, nayo huondoka pamoja na sababu yake. Zaidi ya hayo, aliyeitumia hubaki na deni. Ruhusa isiyo na mambo hayo si ruhusa tena, bali ni upendeleo.

Ndugu msomaji, kwa kipimo hicho tuyatazame mahindi ya Ufipa. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga, aliye zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na aliye jirani na soko, na gharama ya usafiri ikabebwa na Shirika la Taifa la Usagishaji. Mzigo ulikuwa mzito, na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 yakauondoa. Tangu hapo mkulima akaambiwa kwamba soko ni huru, atafute mnunuzi mwenyewe.

Akatafuta. Mpaka wa Zambia uko karibu naye kuliko Dar es Salaam, kwa njia ya Kasesya na ya Tunduma. Lakini soko lile huru nalo lilikuwa na "isipokuwa" yake. Mwaka 2011 Serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Mwezi Juni 2017 ikazuia tena mahindi yasiyosagwa, ikielekeza kwamba anayetaka kuuza nje auze unga. Bei ikaporomoka katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, wakati mbolea na mbegu vilikuwa vimekwisha kununuliwa kwa bei ya soko huru.

Haifai kuidharau sababu iliyotolewa. Kulinda nchi na njaa ni wajibu wa kila mtawala, na mwenye kufa njaa hawezi kungoja mjadala. Lakini wanazuoni wetu wa fiqhi wameweka kanuni iliyo wazi katika jambo hili: dharura humhalalishia mtu alichoharamishiwa, wala haibatilishi haki ya mwenzake. Aliyeshikwa na njaa jangwani anaruhusiwa kula chakula cha mtu mwingine ili aokoe roho yake, kisha atamlipa mwenyewe thamani yake. Dhambi imeondoka, deni limebaki.

Kwa kanuni hiyo, nchi ikihitaji mahindi ya Laela, Matai na Namanyere yabaki nyumbani ili unga uwe nafuu mijini, nchi ndiyo iliyokula, na nchi ndiyo yenye kulipa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ununue kwa bei ya haki na kwa wakati. Zuio litangazwe kabla ya kupanda, siyo baada ya kuvuna, na liwe na tarehe ya mwisho. Bila hivyo, mkulima mmoja ameilipia dharura ya watu wote kwa ada ya shule ya mwanawe.

Sasa tutazame juu. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara ya 46 inamkinga Rais na mashtaka ya jinai awapo madarakani. Mwaka 2020 Bunge likapitisha sheria ambayo kwayo Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Naibu Spika na Jaji Mkuu hawashtakiwi wenyewe kwa yale wanayoyatenda katika kazi zao. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Watetezi wake wanasema kiongozi hawezi kufanya kazi akiitwa mahakamani kila asubuhi, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo tofauti inaonekana: "isipokuwa" ya mkubwa inampunguzia mzigo, na "isipokuwa" ya mkulima inamwongezea.

Mtume (s.a.w.) aliombewa na Usama bin Zayd amsamehe adhabu mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, kwa kuwa alikuwa mtu wa nasaba kubwa. Alikasirika, akawaonya kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata Fatima binti yake asingeachwa.

Onyo hilo linaanzia nyumbani. Baba anayewakataza watoto uongo, kisha akamwambia mtoto ajibu simu na kusema "baba hayupo", amekwisha kumfundisha kwamba sheria ni ya wadogo. Mtoto huyo kesho atakuwa diwani, hakimu au waziri. Kila tunapojitoa katika kanuni tuliyoiweka wenyewe, tumweleze mtoto sababu, na aone tunalilipa deni lake. Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu majumbani mwetu na katika nchi yetu. Amin.